Kanuni ya Nne

Jumamosi, 19 Oktoba 1974

Idi ilikuwa juzi, na leo nimenunua daftari. Zamda ameniuliza la nini. Nimemwambia ni la shule. "Shule gani, Baba Amne, na wewe ni mtunza stoo?" Mke wangu huyu ana maswali kama karani wa sensa.

Basi niandike. Miaka miwili niliyokaa Jeshi la Kujenga Taifa nilifundishwa karate na judo na mkufunzi mkali kuliko pilipili, nikarudi hapa kambi ya mkonge nikakabidhiwa funguo za stoo. Sasa meneja amenipa lile ghala la zamani la singa, nyuzi za mkonge. Vijana kumi na mmoja wamejiandikisha. Wote wanataka kuruka kama walivyoona kwenye filamu za Wachina huko Tanga. Hawajui kwamba kabla ya kuruka kuna kanuni, na kanuni nitazitunga mimi.

Ya kwanza: aliyechelewa hakufika. Ya pili: mafunzo hayatumiki nje ya ukumbi. Nimeandika ukumbi, sikuandika ghala.

Jumapili, 20 Oktoba

Kanuni ya tatu: Mwalimu akiamuru, mwanafunzi ataitika "Ndiyo, Mwalimu" na kutenda hapohapo bila swali. Nilikuwa nimeongeza "maswali yataulizwa baada ya mazoezi", nikafuta. Sentensi ilikuwa ndefu.

Bonaventura alikuja nikiwa naandika. Huyu ni Mnyamwezi, baba yake aliletwa hapa kwa mkataba kukata mkonge, na yeye yuko korona, kule majani yanakokwanguliwa. Tumekua pamoja kambini. Kwa kuwa Wanyamwezi na sisi Wazigua ni watani, alinivua kofia kichwani, akaivaa, akala nusu ya ugali wangu bila kukaribishwa.

"Mtumwa wangu anafungua shule," alisema. "Niandikishe. Nije nione unavyopigwa."

"Babu yako alibeba pembe za ndovu za watu mpaka shingo ikaingia kifuani," nilimjibu. "Utaweza wapi karate wewe?"

Nimemwandikisha. Ni wa kumi na mbili. Kofia amekwenda nayo.

Jumatatu, 28 Oktoba

Siku ya kwanza. Magodoro tumeyashona wenyewe, magunia yaliyojazwa singa mbovu. Sare Zamda amezikata kwenye mifuko ya kitambaa iliyoleta unga wa njano, huu watu wanaouita Yanga. Herufi za Kizungu bado zinasomeka migongoni.

Bonaventura alijitazama, akawatazama wenzake. "Jamani, tumevaa sanda kabla ya kufa." Wakacheka mpaka wakakaa chini. Kisha akaanza kuniiga mimi, kidole juu, sauti ya puani: "Kanuni ya kwanza!" Nusu saa nzima ikapotea hivyo.

Nimekasirika, na ninasema wazi kwamba nimekasirika. Jioni nimeandika ya nne: Hakuna utani ukumbini.

Jumanne, 29 Oktoba

Nimewasomea. Mhina, mmoja wa vijana wangu, aliuliza kama na mimi ninahusika. Nikamkumbusha kanuni ya tatu. Hajauliza tena.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimeitwa na Katibu Tarafa, Ndugu Simeo. Ni Msambaa wa Kwashemshi, mtu wa sauti ya chini, hasemi neno mara mbili. Aliniacha nimesimama kidogo, kisha akaniambia nikae.

"Ndugu Sadala, watu kumi na wawili wanajifunza kupiga, mlango umefungwa, Chama hakina habari. Watu hao wanaitwaje?"

Shati liliniganda mgongoni.

"Mimi nimeipenda shule yako," akasema. "Vijana wenye nidhamu ndio tunaowatafuta. Ila kila kitu kinahitaji mlezi. Kaandike kitu kuhusu mlezi, uniletee, nami nitakupa barua."

Nimeandika usiku huuhuu. Kanuni ya tano: Mlezi wa shule ni Katibu Tarafa. Mlezi akiwepo, amri yake iko juu ya amri ya Mwalimu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nilimpelekea. Aliisoma, akairudia. "Umeandika vizuri kuliko nilivyofikiri." Barua ninayo, ina muhuri. Nilirudi njiani ninapiga mluzi kama mtoto aliyepasi darasa la saba.

Jumanne, 5 Novemba

Vuli haijanyesha. Mashamba yamelimwa na kuachwa wazi.

Leo nilimsimamisha Mhina katika mkao wa farasi, magoti yamekunjwa, mikono kiunoni. Nikaitwa stoo kupokea mafuta ya mashine, nikamsahau. Niliporudi jua lilikuwa limehama ukuta mmoja hadi mwingine, na Mhina yuko palepale. Miguu inatetemeka, midomo imekauka, amejikojolea.

"Kwa nini hukukaa?"

"Hukuniambia, Mwalimu."

Ana miaka kumi na tisa. Nimefurahi sana leo. Mkufunzi wangu wa jeshini angenivulia kofia.

Jumatano, 6 Novemba

Zamda anasema wanafunzi wangu siku hizi wanapita mlangoni kama hawamwoni. Nimemwambia wanafikiria mazoezi.

Ijumaa, 8 Novemba

Mlezi alikuja kukagua. Walipanga safu, sanda zao zimefuliwa. Eti nimeandika sanda. Yule Mnyamwezi ameniambukiza.

Ndugu Simeo alipita mbele yao polepole. "Adui yenu ni nani?" Hilo sikuwa nimewafundisha. Ndipo Bonaventura akanyoosha mkono. "Adui ni huyu Mzigua, Ndugu Katibu. Anatupigisha ngumi saa ya kula, tukiuliza ugali anasema kanuni ya tatu." Walicheka. Mimi mwenyewe nilianza kucheka, nikamwona Simeo. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananingoja mimi.

Nilimwambia Bonaventura avue sare na asirudi.

Alicheka kwanza. Alidhani nimemtania, na utani ukimalizika nitamshika bega. Alisimama akingoja niseme lile jingine linalofuata. Sikulisema. Akavua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya godoro. Alitoka na kaptula yake ya kazini, na kofia yangu.

"Nidhamu," alisema Simeo, akaniandika kwenye kijitabu chake.

Usingizi wangu leo sijui kama utakuja.

Jumapili, 10 Novemba

Nimekwenda Kwamsisi kwa baiskeli kumwona shangazi Mwaija. Huyu ndiye aliyenilea, mama yangu alipokufa nikiwa sijaota meno. Wakati huo aliishi hapa kambini na mumewe. Mume alipofariki alirudi kwenye shamba la wazee, na makaburi ya babu na bibi yako nyuma ya nyumba yake.

Nilimkuta Bonaventura. Amechukua likizo, anamchimbia shangazi mashimo ya mahindi kabla mvua haijaja. Nilisema, "Shikamoo shangazi," kisha nikakaa.

"Huyu mtani wangu ndiye mtoto," alisema shangazi. "Wewe ni mgeni anayekuja na baiskeli."

Wakaanza kukumbushana msiba wa mume wake. Siku hiyo Bonaventura, kwa haki ya utani, alijilaza kando ya jeneza akajifanya maiti, akakataa kuamka mpaka apewe kuku. Walimmwagia maji, hakupepesa. Walimfinya, kimya. Shangazi alikuwa hajala siku mbili, na hapo ndipo alipocheka, akaweza kumeza uji.

Wakati wa kuondoka Bonaventura alinisindikiza mpaka njiani. "Sadala, watu wanaandikwa huku. Wanasema wote watahamishiwa kijiji cha ujamaa, barabarani, kabla ya Sikukuu ya Uhuru. Muulize mlezi wako." Ameniita kwa jina, hakuniita mtumwa wake, na hilo limeniuma zaidi ya habari yenyewe.

Alhamisi, 14 Novemba

Hakuna mvua.

Ijumaa, 15 Novemba

Hakuna mvua. Wanafunzi ishirini na watatu sasa. Simeo analeta wengine.

Jumatatu, 18 Novemba

Mlezi aliniomba niwafundishe kupanda paa haraka. Nikauliza ni karate ya wapi hiyo. Akasema, "Wepesi wa mwili, Ndugu Sadala." Akachukua filimbi yangu akaendesha yeye. Walipanda kibanda cha zamani cha walinzi, wakang'oa makuti yote kwa muda ambao Zamda anachemsha chai. Kisha wakasukuma ukuta wa udongo kwa bega, safu kwa safu. "Ndiyo, Mlezi." Sauti moja.

Nilisimama pembeni, mikono mfukoni. Waliokuwa wakichelewa, wakichekana, wakiibiana viatu, sasa wanaegemea ukuta kama ng'ombe wa kukokota, wala hakuna anayetazama mwenzake. Hii kazi ni yangu. Nimeifanya vizuri, na ninaogopa.

Jumamosi, 23 Novemba

Nilikwenda kwa Simeo. Nilimwambia kuna bibi mmoja Kwamsisi, mashimo yake ya mahindi yako tayari, aachwe avune kisha atahama mwenyewe. Bibi mwenyewe amenituma hivyo: "Waambie nitakuja nikivuna, sikatai serikali."

"Ni nani yako?"

"Shangazi yangu."

Alinimiminia chai. "Kila nyumba ina shangazi wa mtu. Nikimwacha wako, nitamwachaje wa mwenzako?" Alisema kwa upole, na hakusema uongo. Nikamwambia basi vijana wangu wasiende, kanuni ya pili inakataza mafunzo kutumika nje. Akafungua jalada, akatoa karatasi yenye mwandiko wangu, akaweka kidole kwenye ya tano.

Chai sikuimaliza.

Jumatano, 27 Novemba

Mawingu asubuhi, yakaondoka. Nilimwuliza Mhina kama angevunja nyumba ya mama yake akiamriwa. Alitafuta usoni mwangu jibu ninalolitaka. Mwisho akasema, "Ndiyo, Mwalimu." Sijui alikuwa anajibu swali au alikuwa anaitika tu.

Jumapili, 1 Desemba

Lori limeletwa karibu na ukumbi. Zamda ameniambia nijifanye mgonjwa. Nimemwambia nikienda labda nitawazuia, wale ni wanafunzi wangu. Alinitazama kwa huruma, akaendelea kuchambua mchicha.

Jumatano, 4 Desemba

Niandike ya jana. Niandike yote, hata kama mkono hautaki.

Tuliondoka alfajiri na mvua ikaanza tukiwa njiani, mvua ile iliyongojwa tangu Oktoba, ikishuka juu ya vijana ishirini na watatu waliovaa mifuko ya Yanga. Simeo alikaa mbele na dereva. Nyumba za kwanza zilikuwa zimekwisha kuhamwa. Watu walisimama kando na vyungu vyao, wakatutazama tukishusha mapaa. Hakuna aliyetutukana. Saa nne hivi tukafika kwa shangazi.

Alikuwa ndani. Kizingitini alikaa Bonaventura, kofia yangu kichwani, amenyoosha miguu mlango mzima. Kando yake palikuwa na kinu.

"Karibuni, watumwa wangu," alisema. "Mmechelewa. Kanuni ya kwanza!" Kidole juu, sauti ya puani. Ilikuwa sauti yangu kabisa. "Mwenye nyumba amenikabidhi mlango. Na mtani akikaa mlangoni harukwi, anabembelezwa. Leteni kuku."

Ilikuwa ni haki yake. Kila Mzigua pale aliijua. Nusu ya vijana ni Wazigua, na niliona midomo inaanza kulegea, mmoja akageuka kuficha kicheko. Nilihisi mwili wangu unapoa. Nikajua watacheka, na wakishacheka hawataweza tena, tutaomba radhi, tutatafuta kuku kweli, siku itapita, shangazi atapanda mahindi yake.

Simeo alisema, "Mnacheka nini?"

Midomo ikafungwa.

"Mtoeni mlangoni."

Nikasema, "Simameni." Nilisema kwa sauti yangu ya ukumbini. Walisimama. Walinitazama mimi, wakamtazama yeye, na nikaona kabisa wanaisoma karatasi vichwani mwao, moja, mbili, tatu, nne, tano.

"Ndiyo, Mlezi," alisema Mhina.

Akapiga hatua moja, akageuza kiuno, akatoa teke la ubavuni. Sijawahi kuona teke safi kama lile. Kisigino, nyonga, pumzi, vyote mahali pake, kama nilivyomwonyesha mara mia. Bonaventura alirushwa pembeni, kisogo kikagonga ukingo wa kinu.

Alilala. Kofia ilibingirika mpaka kwenye maji.

Na hakuna aliyemkimbilia. Sababu ndiyo hii, na atakayesoma na aisome vizuri: tulidhani anatania. Shangazi alitoka ndani, akamwona, akasema, "Inuka wee, kuku sina leo." Kijana mmoja alicheka kwa faraja. Mimi mwenyewe nilitabasamu. Nilijua mchezo wake, nilijua kwamba hata ukimfinya hapepesi. Nikasema moyoni, ameshinda huyu Mnyamwezi, sasa nani atathubutu kumruka. Tulisimama kumzunguka mvuani, tukingoja achoke. Shangazi alileta maji kwenye kata, akammwagia usoni kama siku ile ya msiba. Akasubiri. Kisha akachuchumaa, akaweka kiganja puani pake, akakiacha hapo muda mrefu.

"Sadala," alisema. "Mtani wangu hatanii."

Tulimrudisha kwa lori lilelile. Nyumba ya shangazi iliachwa, Simeo alisema tutarudi siku nyingine. Mhina alikaa karibu na maiti njia nzima, mgongo wima, mikono juu ya magoti, kama nilivyowafundisha kukaa.

Leo asubuhi Simeo ameniletea karatasi. Inasema marehemu aliteleza kwa sababu ya mvua. Inangoja sahihi yangu, kisha shule ionyeshe mazoezi Jumatatu, Sikukuu ya Uhuru. Sikutia sahihi. Sikukataa pia. Niliikunja nikaitia mfukoni, mwoga mimi.

Alhamisi, 5 Desemba

Tumemzika leo, makaburi ya kambini. Asubuhi Stefania, mke wake, alituma mtu kwangu: "Mwambieni Mzigua aje afanye kazi yake. Mume wangu hazikwi bila mtani."

Zamda aliniambia nisiende, watanipasua. Nilikwenda. Kaburi tulilichimba Wazigua watatu, mvua inanyesha, udongo mwekundu unarudi ndani kila tukiutoa. Lilipokwisha, Stefania alikuja mpaka ukingoni. Alikuwa na kofia yangu mkononi, ameiosha.

"Ingia," alisema.

Nilishuka nikalala chali, kama desturi ilivyo, mtani anapolipima kaburi la mtani wake. Ilinipasa niseme maneno ya marehemu, niongee kama yeye, watu wacheke kabla padri hajaanza. Nyuso zilinizunguka juu, mvua inaniingia machoni. Mfukoni nilihisi karatasi ya Simeo inalowa. Hakuna neno lililonijia. Watu wakaanza kunong'ona.

"Sema, Mzigua," alisema Stefania. Sauti yake ilikatika. "Aliwasemea ninyi wote. Msemee."

Niliikumbuka ile aliyoipenda kuliko zote, ya kuniiga mimi. Nikainua kidole juu kutoka shimoni, nikatoa sauti ya puani.

"Kanuni ya nne! Hakuna utani!"

Stefania alicheka. Alicheka kweli, akashika tumbo, na wanawake wote nyuma yake, na shangazi Mwaija, na wazee wa korona, kicheko kikapanda mpaka padri naye akainamisha kichwa kuficha. Nikalia huku nacheka, nimelala mle. Kisha, nyuma ya watu wote, mtu akaitika.

"Ndiyo, Mwalimu."

Alikuwa Mhina. Amesimama peke yake mvuani, amevaa sare, mikono kiunoni. Hakukusudia ubaya. Alisikia kanuni, akaitika. Kicheko kilikoma chote mara moja, na watu wakageuka kumtazama.

Stefania alinipa mkono. "Toka basi," alisema. "Mwenyewe aingie."

Ijumaa, 6 Desemba

Naandika ndani ya basi, herufi zinaruka. Ninakwenda polisi Korogwe. Daftari hili ninalo, na karatasi ya Simeo imebandikwa ukurasa wa nyuma, wino umechuruzika lakini unasomeka. Zamda amenifungia viazi. Kisha akanifunga kifungo cha shati cha juu.

Mhina amekaa kando yangu. Sikumwambia aje. Nilimkuta kituoni, amevaa shati la kawaida, ameshika sare yake iliyokunjwa. Tumepita daraja la kwanza, la pili. Hapa karibu na mto, huku kunaonekana mabati ya Korogwe ya Zamani, amenigeukia.

"Mwalimu, kwa nini hukuandika kwamba tunaweza kukataa?"

Ndilo swali lake la kwanza tangu Oktoba. Nimemwambia anipe muda wa kulijibu, na basi limeanza kupunguza mwendo.